Tia Mukono Hapa

Juzi mmoja wenu, yule binti mwenye kibanda cha foto karibu na soko la Kashikishi, aliingia kwangu kunisalimia. Akatazama ukuta wangu, akasimama mbele ya ile foto yenye alama ya mukono katikati. Akasema, "Nkambo, bibi yangu, hii imeharibika, katikati imepauka. Nipe niipike na telefone yangu, nitaondoa huu mukono, kijana ataonekana safi."

Nikamuambia, "Ukiondoa huo mukono, na mimi nitaondoa wako."

Akacheka, alidhani namtania. Nikaona afadhali niandike, maana ninyi wote munaofanya kazi hii ya foto kwa kidole kimoja muna ugonjwa wa kusafisha. Kila kitu munasafisha. Mutu anakuja na kovu lake alilopewa na maisha, anaondoka na uso kama yai. Someni basi, kisha mwende zenu, na ile foto muiache pale ilipo.

Ndiyo, nimesema kupika. Watu wa Tanzania wanapiga foto. Sisi tuliozaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru, tunapika foto, na wenzetu wanatucheka, wanauliza kama na chumvi tunatia. Kwetu kupiga na kupika ni neno moja. Hata mutoto mukaidi anapikwa, na hakuna anayemtia kwenye chungu. Nawaambia hili mapema kwa sababu habari yangu yote imetoka kwenye neno moja ambalo watu wawili walilisikia tofauti.

Kazi nilifundishwa na Mzee Ramazani, mutu wa Ujiji aliyezunguka maziwa na sanduku lake la kamera mpaka akachoka, akatua hapa Nchelenge, upande wa Zambia. Hakunichukua kwa sababu nilikuwa na akili. Alinichukua kwa sababu wake za wavuvi walikataa mwanaume mwingine awashike kidevu. Foto ya zamani ilitaka kidevu kinyanyuliwe kidogo, shingo inyooke, na mume amesimama pale mlangoni anatazama. Mzee Ramazani alikwisha kupata makofi mara mbili. Akaja kwa shangazi yangu akasema anatafuta mwanamuke wa kushika videvu. Nilianza hivyo, mushika videvu, na nilipomaliza miaka minne nilikuwa nafanya kazi yote na yeye anakunywa chai.

Umeme wa kutegemea hatukuwa nao, kwa hiyo tulichapisha na jua. Ukuta wa mashariki ulikuwa na tundu, ukubwa wa kisosi. Nje ya tundu kulikuwa na kioo cha kujitazamia, unakigeuza mpaka jua la saa nne liingie ndani, lipite kwenye negatifu, lipite kwenye lenzi, lianguke juu ya karatasi uliyoibandika kwenye ubao. Kwingine kote giza. Muda hatukuhesabu kwa saa. Mimi nilisali Baba Yetu. Negatifu nyepesi, unafika "mkate wetu" unafunga tundu. Negatifu nzito, unakwenda mpaka amina. Wingu likipita katikati, unarudi "jina lako litukuzwe." Mzee Ramazani, Mwislamu wa watu, alikuwa na hesabu yake mwenyewe, lakini foto zangu zilitoka vizuri kuliko zake, na alikubali kwa shingo upande.

Maji yalitoka ziwani, tunayachuja kwa kitenge mara mbili ili mchanga usikwangue. Sasa sikieni vizuri hapa. Maji ya Mweru mwezi wa kumi yana joto, na maji ya joto yanalainisha ngozi ya foto. Ile ngozi nyembamba ya juu yenye sura ndani inakuwa laini kama maziwa yaliyoganda. Ukiigusa, imekushika. Foto inalazwa juu ya kioo, inaachwa mpaka ikauke yenyewe, na mutu asiisogelee. Hilo nililijua kuliko jina langu, na bado, mutaona.

Mzee Ramazani alizungumza Kiswahili chake cha kwao, si kama chetu. Sisi wa Katanga, mutu akipaswa kuandika jina lake kwenye karatasi, tunamuambia asinye, atie sinyature. Yeye alisema "tia mkono." Mutu akija kuchukua foto zake, anafungua daftari, anaweka kidole kwenye mustari: "Tia mkono hapa, bwana." Mimi neno hilo nililishika pamoja na kazi, kama unavyoshika harufu ya dawa. Alipozeeka akarudi Ujiji, aliniachia nyumba, tundu la jua, kamera ya macho mawili na maneno yake. Watu wakaanza kuniita Mama Foto.

Ukuta wa watu wa michezo niliuanza mwenyewe, na ulianza kwa ugomvi. Timu ya mupira ya wavuvi ilikuwa na kipa mrefu, mutu wa kujipenda. Nilimupika foto akiwa ameruka hewani, mwili umenyooka, mikono mbele, uzuri wa kutisha. Shida moja tu, mupira ulikuwa umekwisha kupita, uko nyuma yake ndani ya goli. Alipoiona alikasirika. "Mama, toa ule mupira." Nikamuambia foto si chungu cha maharagwe kwamba utatoa punje. Hakuondoka. Alikaa mlangoni pangu siku nzima, wateja wanamruka. Mwishoni nikachukua penseli iliyochongwa na wembe, nikafanya kazi juu ya negatifu jioni mbili, na mupira ukatoka. Akafurahi mpaka akaniuliza anilipe kitu gani cha ziada. Nikamuambia, "Tia mukono hapa, hii moja ibaki kwangu." Akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa, akapiga na mustari.

Baada ya huyo wakaja wengine. Walikuja wanawake wawili wa Mununga walioshinda mashindano ya mitumbwi. Akaja mupiganaji wa ngumi kutoka Kasenga, aliyeshika kalamu kama anataka kuichoma mutu, akaandika jina lake juu ya uso wake mwenyewe. Mpaka leo ile foto ni ya mwili, na juu ya mwili kuna jina. Nilikuwa na kumi na saba pale ukutani, wote wametia mukono, na nilijivuna, siwaongopei. Na habari ya kipa ilivuka ziwa. Kule Kilwa na Pweto watu walisema Nchelenge kuna mwanamuke anayetoa mupira kwenye foto. Uvumi ukivuka maji unanenepa.

Bon. Ndipo lami ilipofika kwetu, na pamoja na lami akaja Ruleman.

Jina lake la kweli hatukulijua. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyetokea upande wa Mununga akapata kazi kwenye gereji ya magari ya samaki. Ruleman ni zile pete za chuma za kwenye gurudumu, zenye gololi ndani, zinazofanya gurudumu lizunguke. Yeye alichukua nne zilizochakaa, akazifunga chini ya kipande cha ubao wa mutumbwi uliokufa, ili asukumie mapipa ya mafuta. Siku moja mapipa yakaisha akapanda mwenyewe. Akashuka nacho kile kimuteremko kinachotoka boma kwenda ziwani, amesimama wima, magoti yamekunjika kidogo, mikono imefunguliwa. Kelele ya chuma juu ya lami ilisikika mpaka soko la samaki. Kina mama walikamata watoto wao. Alianguka, akainuka, akabeba ubao wake kichwani, akapanda tena.

Mwalimu mmoja muzungu wa shule alimuona akasimamisha baiskeli. Akasema kwao vijana wanaopanda mawimbi ya bahari wanafanya vile vile barabarani, na viatu vya mipira, na vibao vya dukani. Ruleman alikunja uso. Yeye alidhani ni yeye njo mutu wa kwanza duniani.

"Lakini hapa?" akauliza.

"Hapa wewe ndiye wa kwanza," muzungu akasema.

"Sawa," akasema Ruleman, akapanda tena kimuteremko.

Sasa mimi nikamtaka kwa ukuta wangu. Kipa wako wengi, wapiga kasia wako wengi. Huyu alikuwa mmoja tu ziwa lote. Nikaenda gereji. Alikuwa chini ya gari kama kawaida yake, miguu nje. Nikamuambia nataka kumupika foto, akae vizuri, ashike ubao wake, kisha atie mukono. Miguu ikajikunja.

"Awe, mama," akakataa kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili cha kwetu kabisa: "Pika kibao peke yake."

"Kibao hakiandiki jina."

"Basi, jina halipo."

Kiswahili chake kilikuwa cha Kilwa, masikio yangu hayakosei. Lakini nilipomuuliza kwao ni wapi, alisema Mununga. Na niliona jambo. Siku za mashua za wafanyabiashara wa Kilwa kufika, huyu kijana hakutoka chini ya gari mpaka wameondoka. Nilifikiri labda ameiba muke wa mutu. Sikuuliza. Nilirudi siku ya pili, na ya tatu, na nikampelekea mihogo na chisense, dagaa wetu wa hapa, maana kijana wa gereji ana njaa wakati wote. Siku ya nne akasema, "Unaweza kunipika nikiwa mbio. Kama utanipata."

Alijua sitampata, na kweli sikumpata. Filimu ya kwanza, foto kumi na mbili: nilipata lami, nilipata mbuzi, nilipata kisigino kimoja. Ninyi hamujui kamera ya macho mawili. Unatazama kwa juu, kwenye kioo, na kioo kinageuza. Mutu akienda kulia, unamuona anakwenda kushoto. Kwa mutu aliyeketi haina neno. Kwa Ruleman, nilikuwa namfuata upande asiokwenda. Wafanyakazi wa gereji walikaa kando ya barabara wakicheka kila nilipogeuka, na mimi hasira ikanipanda mpaka nikasahau kufunga jicho la kamera.

Dawa niliipata kwa kuacha kutazama kioo. Nilishika kamera kifuani, nikasimama miguu imeachana, nikamfuata kwa kiuno, si kwa shingo, kama mutu anayezunguka na ndoo ya maji bila kuimwaga. Unaanza kuzunguka kabla hajafika, unabonyeza akiwa mbele yako, na usisimame baada ya kubonyeza. Andikeni hilo, linafaa hata kwa telefone. Filimu ya tatu, foto ya tisa, nikampata. Ubao umetoka vizuri, miguu imetoka vizuri mpaka vidole, barabara nyuma imekuwa mistari mitupu. Uso tu ulikuwa umevutika kama unga wa maji. Alitikisa kichwa katika dakika ile. Au alikitikisa makusudi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, na nilibaki na karatasi moja kubwa tu, nyingine zilikuwa zinangojewa kutoka Kitwe. Nikasali mpaka "kama huko mbinguni," nikafunga tundu, na ile foto ikapanda kwenye dawa polepole, nzuri mpaka nikaimba. Nikaiosha, nikailaza juu ya kioo karibu na dirisha. Hapo hapo Ruleman akaingia na mikono yake ya grisi, aone kama nimeshindwa. Alitazama muda mrefu. Nilikuwa na furaha, na furaha inapumbaza. Nikachukua kalamu nimpe ashike, aisubiri foto ikauke, na mdomo ukatangulia:

"Haya, tia mukono hapa."

Akatia mukono. Alifungua kiganja chote cha kushoto, akakilaza juu ya foto yangu, akakikandamiza vizuri, kwa heshima, kama mutu anayeapa. Alipouinua ngozi ya foto ilimfuata kidogo, ikarudi. Pale katikati, juu ya mwili wake mwenyewe, kikabaki kiganja chenye mistari yake yote, na vidole vitano. Kwa kweli vinne na nusu. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimekatika kwenye kiungo cha juu.

Nilimtukana. Sitaandika hapa nilichosema, mimi ni mutu wa kanisa. Alisimama ananitazama, kiganja kiko hewani.

"Si umesema nitie mukono?"

"Jina! Uandike jina!"

"Kama ulitaka sinyature, ungesema sinyature." Kisha akaongeza, sauti chini, "Nilijua unajua sitaki jina langu. Nikafikiri ndiyo sababu umeomba mukono. Mukono hakuna mutu anayeusoma."

Hasira ilinishuka. Nikamketisha kwenye kiti cha wateja, nikamuuliza alimkosea nani. Akasema, "Nimeua yaya yangu."

Akanieleza akitazama miguu yake, na jina lake la kweli akanitajia. Kwao ni Kilwa. Yeye na yaya, kaka yake mukubwa, walikuwa wanavuka na mashua ya moteur. Yaya alisema upepo haufai, wangoje. Yeye njo alikuwa na moteur mkononi, kijana mwenye kichwa cha moto, akasema tunakwenda. Katikati ya ziwa mashua ikapinduka. Alimuona yaya yake akishuka chini ya maji, hakumuona akirudi. Yeye alishika pipa tupu mpaka wavuvi wa Mununga wakamuokota. Ulikuwa umepita karibu mwaka. "Nirudi nimuambie mama nini? Kwamba nilikataa kungoja? Afadhali ahesabu tumekufa wote wawili. Ukisema jina langu mbele ya mutu wa Kilwa, mama, nitakwenda mahali ambapo hutaniona tena."

Nilimuapia. Ile foto iliyoharibika nilitaka kuitupa, mkono ukakataa. Nikaipachika ukutani, ya kumi na nane, haina jina. Kila asubuhi niliitazama na moyo unaniuma kwa ajili ya mama yule wa Kilwa, maana na mimi nina watoto, na kiapo kilikuwa kimenikaa shingoni. Ningeweza kupeleka habari kwa mashua yoyote. Lakini ningemuambia nini, kwamba mutoto wako mmoja ni mzima na njo alimuua mwingine? Ningempa mama mutoto mmoja na kumnyang'anya wote. Nilinyamaza, na siku zile sikuwa mutu wa kukaribiwa.

Wiki tatu baadaye, mashua za Kilwa ziko pwani, mwanaume mmoja akapiga hodi. Amevaa shati jeusi, na kitambaa cheusi mkononi. Akasalimia kwa adabu, akaketi, akazungusha kofia yake.

"Mama Foto, kule kwetu wanasema unaweza kutoa mupira kwenye foto."

"Mupira mmoja," nikasema. "Mara moja."

"Mi nataka unitoe miaka sita."

Nikadhani ni mutu anayetafuta muke. Akaeleza. Mudogo wake alikufa majini, mwili haukupatikana. Sasa mwaka unatimia, wanataka kuondoa matanga, na mama yao analia kwamba hana hata foto moja ya marehemu ya kuweka mezani. Watu wanasema walifanana sana. Basi akafikiri, nimupike yeye foto, kisha kwa penseli yangu nimupunguze, nimtoe ndevu, nimtoe mikunjo, mpaka awe mudogo wake. "Mama macho yake yamechoka," akasema. "Ataona ni yeye."

Katika miaka yote ya kazi hakuna mutu aliyeniomba jambo zito kama hilo kwa sauti ndogo vile. Nikasema sawa, nitajaribu. Nikamshika kidevu, nikakinyanyua, na kidevu kile kikawa kama nimekwisha kukiona mahali, ila sikukumbuka ni wapi. Nikarudi kwenye kamera. Nikamuambia maneno niliyowaambia wateja wote tangu siku ya Mzee Ramazani: "Usinitazame mimi. Tazama pale ukutani, juu ya bega langu."

Akatazama ukutani. Nikamuona kwenye kioo anainuka.

"Ule mukono ni wa nani?"

"Keti, baba, utatoka na ukungu."

"Mama, ule mukono ni wa nani?" Alikwisha kufika ukutani. Aliweka kidole chake kwenye kile kidole kilichokatika. "Hiki kidole mi njo nilikikata. Tulikuwa watoto, tunapasua muwa, panga ikateleza. Niliokota kile kipande nikamkimbilia na sindano ya nyavu ya baba, nikasema leta nikishone. Hiki kidole nakijua kuliko changu."

Nikashika kiti. "Mudogo wako alikufa na nani kwenye mashua?"

"Na mimi. Maji yalinichukua upande mwingine, nikatokea mbali, nikatupwa kisiwani. Nilikaa siku mbili. Yeye hakurudi."

Nikaketi kabisa. Kiapo changu kilikuwa juu ya jina, na huyu mutu hakuniuliza jina. Mungu anisamehe kama nilikikunja kiapo. Nikamuambia, "Baba, marehemu wako alikula mihogo yangu jana jioni. Hakuniachia hata kipande."

Hakupiga kelele. Alikwenda chini, akaketi sakafuni na shati lake jeusi, akafunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Akauliza ndani ya kofia, "Kwa nini hakurudi?"

"Anasema amekuua."

"Mi?"

"Wewe."

Akaanza kucheka na kulia pamoja, na mimi nikalia, kamera imekaa pale inatutazama.

Nilitaka nitangulie gereji, nimtayarishe kijana, maana mutu anayemuona maiti anaweza kukimbia au kuanguka. Lakini yaya hakungoja. Tulishuka barabara mimi nakimbia nyuma yake na kitenge kinafunguka. Siku ya mashua za Kilwa, kwa hiyo Ruleman alikuwa chini ya gari, miguu nje, ubao wake kando. Yaya alisimama. Sasa njo aliogopa. Alitazama ile miguu, akachuchumaa polepole, akashika kisigino kimoja.

"Mudogo, leta kile kidole nikishone."

Spana ikaanguka. Nilihesabu bila kutaka, kwa desturi ya kazi, nikafika "mkate wetu." Ndipo sauti ikatoka chini ya gari.

"Yaya?"

"Toka."

"Yaya, uko na mwili?"

"Shika uone."

Mukono wa kushoto ukatoka, mweusi kwa grisi, ukapapasa, ukakuta shati. Ukashika. Yaya akamvuta nje kwa mukono ule kama mutu anayevuta wavu uliojaa, na wote wawili wakabaki pale kwenye vumbi wamekumbatiana, grisi juu ya nguo za matanga, wafanyakazi wamezunguka hawajui kama ni vita au nini. Nilikuwa nimepumua nusu nusu wiki tatu nzima. Pale nilipumua yote. Mzee Ramazani alikuwa akisema mugeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilidhani ni maneno ya kukaribishia chai tu. Nilipona siku ile.

Musiniulize foto. Kamera niliiacha nyumbani juu ya miguu yake mitatu. Ile ndiyo ingekuwa foto bora ya maisha yangu, na sina hata ya ukungu.

Walishuka kwenda ziwani kuiwahi mashua. Yaya alikuwa bado hana nguvu za miguu, basi Ruleman akamketisha kwenye ubao, yeye akasimama nyuma, wakashuka kimuteremko kwa kelele yote ile, yaya ameshika kofia, anaomba apunguze. "Upepo unafaa leo?" nikasikia Ruleman akiuliza. "Wewe utangoja niseme," yaya akajibu.

Mama yao aliondoa matanga kwa njia nyingine kabisa, na chakula chake sitakieleza, mutapata njaa.

Ruleman alirudi kazini. Karatasi zilipofika kutoka Kitwe, nilichapisha foto mpya, safi, bila mukono, nikaipeleka Kilwa kama zawadi ya mama. Ilirudishwa na mashua iliyofuata. Mama yao aliniletea maneno kwa mdomo wa yaya: "Hii ni kijana yeyote anakimbia. Leteni ile ingine, yenye mutoto wangu." Sikutaka kuitoa. Nikaitoa.

Mama alikaa nayo miaka mingi. Kila Ruleman akiwa majini, kwenda au kurudi, mama aliitoa kwenye boksi, akaiweka juu ya magoti, akalaza kiganja chake juu ya kile kiganja, na hakukiondoa mpaka mutu amekuja kusema amefika. Alipofariki, wanawe wawili waliniletea foto, wakasema mahali pake ni ukutani. Nyuma wametia mukono wote wawili. Kwa kalamu, safari hii, nilisimama nikawatazama.

Binti yangu wa telefone, wewe umeona pale katikati pamepauka, ukadhani dawa yangu ilikuwa mbovu au jua limeila. Dawa yangu ilikuwa nzuri, na jua halifiki ule ukuta. Pale ni mama yake Ruleman alipokuwa anangoja.